Mapezi ya Mwiko na Mapezi ya Mpasuko

Kwa wakwe zangu kule Rombo, mimi ndiye niliyemkausha mume wangu miguu. Hawanong'oni. Wanasema wakitoka misa, wanasema sokoni Tarakea mbele ya wauza maharage, na walisema kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla hawajanitoa. Duniani kuna mtu mmoja tu anayejua kwamba siku ile nilimkataza, na mtu huyo ni yeye mwenyewe. Miguu ndiyo iliyokufa, mdomo wake ni mzima kabisa. Sentensi moja tu kutoka kwake ingenirudishia jina langu, na nimeingoja hadi nimechoka kungoja.

Yote yalianza kwa ubishi wa mapezi ya kuzamia. Ndiyo, mapezi, yale marefu ya mpira anayovaa mzamiaji miguuni ili ayasukume maji. Yapo ya aina mbili ambazo watu hugombana kwa ajili yake. Kuna yale ya bapa moja, pana na gumu. Nyumbani tuliyaita mapezi ya mwiko, maana yamefanana na mwiko wa kusongea ugali. Na kuna yale yaliyopasuliwa katikati, kutoka nchani hadi karibu na vidole, yanalegea na kuchezacheza majini. Hayo tuliyaita ya mpasuko. Mume wangu alikuwa mtu wa mwiko. Mimi ni wa mpasuko hadi leo, na simwombi mtu radhi.

Najua utauliza watu wa Kilimanjaro na mapezi wapi na wapi. Mume wangu alikuwa mwongoza wageni mlimani. Mgeni mmoja aliyempandisha alikuwa na kampuni ya kuzamia Unguja, akampenda, akamwita akafanye kazi kule miezi ya mvua, wakati mlima hauna watu. Mwaka uliofuata akaniita na mimi. Tukajifunza wote wawili, tukawa tunakwenda na kurudi miaka mingi, mpaka tulipopata mashine kuukuu ya kujazia mitungi hewa, tukapanga nyumba Rau, pale Moshi, na kuanza kazi yetu wenyewe. Tulikuwa tunawapeleka wageni Ziwa Chala, lile lililokaa ndani ya shimo la volkano mpakani na Kenya. Wageni wanaoshuka mlimani hupenda kwenda kufanya jambo ambalo jirani yao kule kwao hajalifanya.

Kabla mgeni hajagusa maji, mume wangu alimpa hotuba. Alisimama ameshika kiuno, akawaambia kwamba mtu akishazamia ni marufuku kupanda ndege na marufuku kupanda mlima mpaka kesho yake. Aliwaeleza kwa mfano wa soda. Ukiwa chini ya maji unavuta hewa ya mtungi, na ile hewa inajishindilia kwenye damu kama gesi ndani ya chupa. Ukipanda taratibu inatoka kistaarabu. Ukienda mahali pa juu siku hiyo hiyo, umefungua soda iliyotikiswa, na povu lake liko kwenye uti wako wa mgongo. Wageni walicheka, kisha wakaona hacheki, wakaacha. Hotuba hiyo niliisikia mara nyingi hadi naweza kuitoa nikiwa usingizini.

Sasa kuhusu mapezi yenyewe, ili usidhani tulikuwa watoto. Mwiko una nguvu. Ukipiga teke moja unasukumwa kweli, na unaweza kupiga miguu kama chura, ukageuka pale pale ulipo, hata ukarudi nyuma. Ila unakula miguu. Mtu asiye na mapaja anakakamaa misuli hadi analia ndani ya maski. Mpasuko hauna ubabe huo. Unapiga miguu kidogo kidogo, juu na chini, nao unakusogeza bila kukudai kitu, na mwisho wa safari mtungi wako bado una hewa. Mimi goti langu la kulia liliharibika zamani, kwa kubeba majani ya ng'ombe kwenye miteremko ya Machame toka nikiwa msichana. Mwiko ulikuwa unanitoa machozi. Mpasuko ulinirudisha majini, basi, nikaupenda.

Yeye aliudharau. Aliuita ndala zilizokatika. Siku moja alikubali kuyavaa mapezi yangu, akaenda mbele kidogo, akageuka na kuyavua kabla hata ya kufika ufukweni. "Sisikii kitu," alisema. "Napiga hewa." Nikamwambia hiyo ndiyo maana yake, usisikie kitu. Hakuelewa. Mume wangu hakuwahi kuamini kitu kisichomuuma. Ndivyo alivyopanda mlima, ndivyo alivyokula pilipili, na nadhani ndivyo alivyonioa.

Maana kunioa mimi kulimuuma vya kutosha. Mimi ni Mmachame na Mlutheri, yeye Mrombo na Mkatoliki, na Mtanzania yeyote anajua utani tunaopigwa wanawake wa Machame: eti tunaolewa na mali, eti mume akishamaliza kupaua nyumba anazikwa. Watu wengine huutania wakacheka wakaendelea na mambo yao. Mama mkwe wangu hakuwa anatania. Siku ya kwanza kunipokea nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akamwuliza mwanawe mbele yangu kama ameshaandika wosia. Hatukujaliwa mtoto, na hilo nalo likawekwa kwenye hesabu yangu. Nikipika pale kwake, alingoja mwingine aonje kwanza. Mume wangu aliona na kusema, "Mama ni mtu mzima, mwache." Nikamwacha, miaka yote nikamwacha.

Siku yenyewe ilikuwa Desemba, ndugu wa Dar wamerudi kula Krismasi na kujaa mlimani, magari yamepanga foleni hadi kwenye migomba. Hatukuwa na wageni. Asubuhi mume wangu akasema, "Wewe Mmachame, leo tumalize huu ubishi. Mitungi ipo, ziwa lipo. Atakayeshindwa ataufunga mdomo." Nikamwambia poa, tena nilifurahi. Tulikuwa tunapendana zaidi tukiwa na jambo la kubishania. Jioni alitakiwa kuwa kwa mama yake, kwenye mbuzi wa ukoo, lakini alisema tutakwenda kesho yake asubuhi, nyama ya mbuzi haikimbii.

Kushuka Chala hadi majini ni kazi. Ukingo umesimama, mawe yanateleza, na mtungi mgongoni unakuvuta kama mlevi. Tukafika, tukanywa chai niliyokuwa nayo kwenye chupa, tukaingia.

Mzunguko wa kwanza tulikubaliana kuogelea polepole kandokando ya ukuta wa mwamba, hadi kwenye mti ulioangukia majini na kurudi. Nilishinda mimi. Nilikuwa nasogea kama ninayesukumwa na mtu mpole, na nilipomwonyesha geji yangu hewa ilikuwa nyingi kuliko ya kwake kwa mbali. Aliitazama geji, akaitazama ya kwake, akaigonga kwa kidole kama vile imeharibika. Nilicheka hadi maji yakaingia kwenye maski.

Mzunguko wa pili ulikuwa wa ujanja. Tulizama hadi penye matope laini, tukatakiwa kuelea tuli karibu na yale matope bila kuyatibua, kisha kurudi nyuma. Hapo alinipiga, sina la kusema. Alikunja miguu kama chura, akatulia, akarudi nyuma kama dereva anayetoa gari kwenye banda. Mimi, kila nilipojaribu kurudi, mpasuko ulilegea tu, na nilipopiga juu na chini nikavuruga tope lote, nikajikuta ndani ya wingu jeusi nisione hata mkono wangu. Akanivuta kwa koki ya mtungi, akanitoa. Aliponitoa alikuwa anacheka, mapovu yanamtoka mfululizo.

Tulikuwa tumetoshana nguvu. Mtu mwenye akili angesema mwiko ni wa kazi hii, mpasuko ni wa kazi ile, akavua, akaenda kula. Mimi nilisema hivyo. Yeye akasema lazima mmoja ashinde. Akataka mzunguko wa tatu, wa kasi, tena chini zaidi, ukuta unapoanza kuwa giza. Nikamwambia chini sishuki tena, nitakwenda juu yake tu, tuonane kwenye mti. Akaenda. Nilikuwa namwona chini yangu anapiga mateke kama anayeua nyoka, mapovu yanapanda mazito mazito. Alinishinda kwa urefu wa mtu. Aliibuka anahema, midomo imebadilika rangi, ameinua ngumi. Na huko chini alikaa muda mrefu kuliko alivyosema, maana alipitiliza mti ili anionyeshe.

Baada ya hapo akabeba mitungi. Yake na yangu. Kupanda ule ukingo, juani, mara tu baada ya kutoka majini. Nikamwambia pumzika kwanza, mitungi itasubiri. "Mshindi habebewi," akasema, akaitupa mabegani.

Simu ilimkuta juu ya ukingo, tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha gari. Alikuwa mama yake, na sauti yake haihitaji spika. "Mbuzi amefungwa tangu asubuhi. Watu wamekaa. Baba yako mdogo anakinoa kisu. Unakuja, au agawe yeye?"

Lazima nieleze jambo hili, maana ndilo lililomponza. Kwao, mbuzi wa ukoo hukatwa na mtoto wa kwanza wa marehemu baba yao. Yeye ndiye anayejua nani anapewa kidari, nani anapewa mguu, nani anakula maini na kunyamaza. Asipokuwepo, kisu kinakwenda kwa baba yake mdogo, na kikishakwenda hakirudi kwa urahisi. Kwa mume wangu kile kisu kilikuwa kitu kikubwa kuliko ndoa yetu. Sisemi kwa uchungu, ilikuwa hivyo tu.

Nikasema, "Hatuendi. Tushuke Himo tukalale. Kesho tupande."

"Kupanda wapi?"

"Kwa mama yako."

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Kwenda kwa mama ndiyo kupanda? Kupanda ni kuanzia geti la hifadhi."

Hapo ndipo alipokuwa amekosea, na ni kosa ambalo mtu wa Unguja asingelifanya, wala mtu wa Dar. Mtu wa pwani anajua ametoka chini anakwenda juu, anaona ukungu, anatafuta sweta. Mtu wa mlimani hawezi kuelewa kwamba nyumbani kwao ni juu. Nyumbani ni nyumbani. Juu ni kule kwenye barafu, kunakowauma vichwa Wazungu. Alikuwa amewakataza mamia ya wageni wasipande mlima baada ya kuzamia, na hakuna hata siku moja aliyofikiri kwamba boma la mama yake, pale chini ya msitu, liko mlimani.

"Chala iko chini," nikamwambia. "Kwa mama yako ni juu, tena juu sana. Damu haijui kama unakwenda kwa mama."

"Wewe hutaki tu kula mbuzi wa kwetu."

Akawasha gari. Ningeweza kubaki. Nilipanda kwa sababu nilijua kitakachotokea na sikutaka kitokee mikononi mwa watu wale. Njiani, tulipoanza kuona kahawa na migomba imeshikana, alianza kujikuna mikono. Kisha bega likamuuma. Nikamwambia geuza gari, sasa hivi, hiyo ndiyo yenyewe. Akasema ni mitungi yangu mizito. Hiyo ilikuwa mara ya pili kumkataza, na aliisikia, kwa sababu alijibu.

Alikikuta kisu bado hakijashika nyama. Alifurahi kama mtoto. Akakaa kwenye kigoda katikati ya wanaume, akakata, akagawa, bila kukosea mtu. Alipomaliza wakampa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akainywa, akataka kusimama ili aseme neno. Hakusimama. Alijaribu tena, akaanguka ubavu kwenye majani ya mgomba yaliyokuwa na nyama. Wanaume wakacheka. Mmoja akasema mbege ya mwaka huu ni kali. Mimi sikucheka, nilikuwa tayari nakimbia kwenda kwenye gari.

Kwenye gari tulikuwa na mtungi wa oksijeni kwa ajili ya dharura, pamoja na maski yake. Nikaja nao, nikamlaza chali, nikamfunika pua na mdomo. Alikuwa ananitazama, anajua kabisa ninachofanya. Akavuta mara chache. Mama yake akaja akaing'oa ile maski kwa mkono.

"Unampulizia nini mwanangu?"

"Mama, ni hewa safi, ya hospitali. Lazima ashuke Moshi sasa hivi."

"Alikuja mzima. Ameendesha gari hadi hapa. Amekaa na wewe kutwa nzima ziwani." Kisha akauliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu. "Mlizamia wote. Mbona wewe ni mzima?"

Ningejibu nini? Kwamba mimi nilivaa mpasuko, sikupiga mateke, sikuvuta hewa kwa pupa, sikushuka gizani, sikubeba mitungi? Nilijibu hayo hayo. Niliyasema yote, mbele ya wanaume wenye mafuta ya mbuzi midomoni, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu aliyejipanga mapema. Baba mdogo alinishika mkono akaniondoa pale. Wakampakia mume wangu kwenye gari lingine. Unafikiri wakashuka naye Moshi? Wakapanda naye. Walimpeleka juu zaidi, mpakani mwa msitu, kwa mzee anayekanda viungo. Nikalifuata gari lile kwa miguu nikipiga kelele hadi goti likanikatalia, nikakaa barabarani.

Walimshusha kesho yake, tumbo limevimba kwa mkojo, miguu kama ya mtu mwingine. Hospitali ya Moshi walifanya waliloweza. Akapelekwa pwani kwenye chumba cha kubana hewa cha kutibia wazamiaji, ambako angefika siku ile ile kama wangenisikia, na kule wakasema amechelewa. Kidole kimoja cha mguu kilirudi. Ukimwambia akisogeze anakisogeza, halafu anakitazama.

Lakini kabla ya kwenda pwani, wodini, ndipo aliponimaliza. Ukoo ulikuwa umekizunguka kitanda. Daktari, kijana mpole, alikuwa ameshawaeleza habari ya mapovu kwenye damu, wakaitikia kwa vichwa kama watu wanaosikiliza tangazo la redio. Alipotoka, baba mdogo akainama akamwuliza mume wangu, "Mwanangu, sema ukweli tu. Kule ziwani alikupa nini?"

Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pake. Nikamtazama. Nilijua sasa atasema. Atasema, alinipa onyo nikakataa. Ni maneno machache, na yeye ni mtu wa maneno.

Akasema, "Chai."

Basi. Akafumba macho. Sikukosea kusikia na hakuwa amechanganyikiwa, maana kabla ya hapo alikuwa amemkumbusha mdogo wake kulisha mbwa. Alisema ukweli, chai nilimpa kweli, naye pia aliona nyuso zao zilivyogeuka kunitazama mimi. Aliacha zigeuke. Mama mkwe akaanza kulia kwa sauti, Yesu na Maria, Yesu na Maria, na mtu akafungua mlango ili nitoke.

Nimefikiri sana kwa nini, na sasa sifikiri tena kwa sababu najua. Kusema kweli kungemaanisha kusema kwamba yeye, mwongoza wageni, mtu wa kutoa hotuba, aliambiwa na mkewe mwenye mapezi ya ndala zilizokatika, akakataa, akaenda kukata mbuzi. Watu wangecheka. Kwake ilikuwa bora mke aitwe mchawi kuliko yeye aitwe mkaidi. Mchawi ni mimi, aibu ni yangu, yeye anabaki mgonjwa tu, na mgonjwa anapendwa.

Nilirudi Rau peke yangu. Wageni bado walikuja, nikawapeleka Chala mwenyewe. Nilivaa mpasuko kuogelea nao, na nilipohitaji kutulia juu ya matope na mgeni mwenye hofu nilivaa mwiko wake yeye, goti likaniuma, nikavumilia. Kila kitu kina kazi yake. Yale mapezi yake hayakunifanya nimlilie. Yalikuwa mapezi mazuri.

Walikuja wakati wa masika. Gari aina ya Noah lilisimama nje, matope hadi kwenye vioo. Akashuka mama mkwe, akashuka baba mdogo, na mume wangu akabaki kiti cha mbele kando ya dereva, mlango wazi, blanketi mapajani. Amenenepa uso, amekonda kwingine kote. Nilimwamkia mama mkwe kama nilivyofundishwa kwetu. Aliitikia bila kunitazama. Mkononi alikuwa ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Kwa asiyejua: isale ndilo lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba vyetu, yale mashamba ya ukoo. Mtu akikukosea kosa lisilosemeka, hukata isale akakuletea kuomba msamaha, au huwatuma wazee wakuletee. Ukishaletewa isale umekwisha. Hulikatai. Mtu amemwua ng'ombe wako, amekuibia ardhi, amelala na mkeo, akileta isale unapokea na mnakunywa pamoja. Walutheri tunalipokea, Wakatoliki wanalipokea, mlevi na mzee wa kanisa wote wanalipokea.

"Mama," mama mkwe akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "mimi nimezeeka. Kumgeuza siwezi. Ana vidonda mgongoni. Huyu ni mume wako wa ndoa. Tumekosana, yaishe. Mchukue."

Kumbe ndiyo hiyo. Nilipokuwa namwua walimtaka. Alipogoma kufa wakaniletea.

Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua, hata hawakujificha. Nikafurahi wapo. Nikamwambia mama mkwe kwamba nitampokea leo hii, nitamwogesha na kumgeuza hadi nife, sina neno. "Ila kwanza aseme. Hapa, mbele yenu na mbele ya hawa. Aseme siku ile nilimwambia nini."

Wote tukamgeukia. Mume wangu alitazama mikono yake, akatazama nyumba, akatazama mapezi yaliyokuwa yametundikwa barazani yanakauka, yake na yangu. Midomo ikaanza kumcheza. Nikasogea karibu na mlango wa gari ili asipate taabu ya kupaza sauti. Nilikuwa tayari kumpenda tena pale pale.

"Mapezi yako ni bora," akasema. Akapaza sauti, watu wote wasikie. "Nakubali. Mpasuko ni bora kuliko mwiko. Umeshinda."

Baba mdogo akamwuliza mama mkwe kwa Kichagga mapezi ndiyo nini.

"Sikukuuliza hilo," nikamwambia mume wangu. "Nani alikukataza usipande?"

Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu aliyekwisha kulipa. Machozi yalikuwa yanamtoka, nami niliyaona. Akakisogeza kile kidole chake cha mguu, blanketi likasogea, akakitazama.

"Mama, mwanamume ameshajishusha mbele ya watu," mama mkwe akasema. "Unataka nini tena?" Akaninyooshea isale kwa mikono miwili.

Nikalipokea, kwa mikono miwili vilevile, nikapiga goti kama inavyotakiwa, kwa sababu isale halikataliwi. Nikamwambia, mama, nimekusamehe. Kisha nikaufunga mlango wa gari upande wa mume wangu, taratibu ili usimbane, na nikamwambia dereva ageuze.